Kulinda na Kufungia

Mtu aliyeachiwa urithi na wazee wake auweke vipi? Aufungie kabatini usiguswe, au awaachie watoto waushike, hata kama huenda wakauvunja? Swali hili limenisumbua kwa miaka mingi, na kila linaponijia humkumbuka mwana wa Ujiji, marehemu Saadani Abdu Kandoro, mshairi.

Kandoro alizaliwa Ujiji mwaka 1926, nchi ikiwa chini ya Waingereza. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoasisiwa Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa wale watu 17, akiwa amefika kutoka Jimbo la Ziwa pamoja na Abubakari Ilanga na Lameck Bogohe. Silaha yake ilikuwa shairi. Katika moja ya tungo zake zinazokumbukwa sana, nyoka anakabiliwa na siafu walioshikamana. Wala hapakuwa na haja ya kuwaeleza watu nyoka ni nani na siafu ni akina nani. Wengi wakati ule hawakujua kusoma, lakini shairi lenye vina na mizani hukaa kichwani lenyewe, na ukisahau neno, kina hukukumbusha. Karatasi yaweza kunyang'anywa; lililokaririwa halipekuliwi mfukoni.

Uhuru ukaja, na baadaye ukaja ugomvi wa aina nyingine. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Wengine wakashangilia, wengine wakasema hayo si mashairi bali ni maneno yaliyokatwakatwa kwa mtindo wa Kizungu. Kandoro alisimama upande wa kanuni za wazee, na mwaka 1978 akatoa kitabu alichokiita Ushahidi wa Mashairi ya Kiswahili na Lugha Yake. Tazama neno alilolichagua: ushahidi, kama mtu aliyeitwa barazani kutetea shamba la babu yake.

Kuna waliomwona kuwa amejipinga mwenyewe: alipigania uhuru wa nchi, kisha akaunyima utungo uhuru. Mimi naiona lawama hiyo kuwa ya haraka. Mtu aliyeona wageni wakitawala ardhi, kodi na shule, akaona pia kwamba shairi halikuletwa nao wala halikungoja ruhusa yao, atakosaje kulishika kwa mikono miwili? Nadhani kwake kutetea vina na kumkataa mkoloni vilitoka katika chemchemi moja. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na yeye aliujua utumwa kwa macho, si kwa kusimuliwa.

Nami nilikuwa upande wake, na hapo ndipo penye kosa langu. Mwaka 1983 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi wa mwambao wetu, alileta zoezi la utunzi. Alieleza jinsi mama yake, usiku baada ya usiku, alivyosimama ufukweni akihesabu taa za karabai za wavuvi wa dagaa ziwani, na jinsi usiku mmoja wa kusi kali hesabu ilivyopungua taa moja. Nikachukua kalamu nyekundu nikahesabu mizani. Mstari wa kwanza kumi na moja, wa pili saba, wa tatu kumi na nne, vina hakuna. Nikaandika chini: "Hili si shairi." Kijana alipokea karatasi yake, akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Hakuniletea utungo mwingine mpaka alipohitimu.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba nilifanya alilolifanya Kandoro. Sivyo. Kandoro alibishana hadharani na watu wa kimo chake, waliokuwa na kalamu na wachapaji wa kumjibu. Alitoa ushahidi, nao wakatoa wao; mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walichapisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea upana wa ushairi. Mabishano hayo yalitunufaisha sote. Mimi sikubishana na mtu. Nilitumia cheo kumnyamazisha asiyeweza kunijibu, na sikumpa hata sababu. Kulinda ni kusimama mlangoni ukaeleza kilichomo ndani na kwa nini ni cha thamani. Kufungia ni kuondoka na ufunguo.

Mwaka 2011 nilisikia kwamba Tuzo ya Nobel ya fasihi amepewa Tomas Tranströmer, mshairi wa Sweden mwenye miaka 80. Nikatafuta habari zake. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ya elimu ya nafsi, na kwa miaka kadhaa aliwahudumia vijana waliofungwa kwa makosa. Kitabu chake cha kwanza, chenye mashairi 17, kilitoka mwaka huo huo wa 1954, na humo alitumia pia mizani ya kale ya Wayunani. Baadaye akatunga mengi bila kanuni hizo. Mwaka 1990 kiharusi kikamnyang'anya karibu usemi wote. Hata hivyo aliendelea kupiga piano kwa mkono wa kushoto, na katika uzee wake akachapisha vishairi vya Kijapani ambavyo silabi zake huhesabiwa moja moja. Kwake mizani ilikuwa kama kasia: ulichukue maji yanapolitaka, uliweke upepo unapotosha.

Nikatazama pia mji wetu wenyewe. Kiswahili hakikuota Ujiji kama mwembe. Kilikuja kwa miguu na misafara kutoka Bagamoyo, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma ikakiongezea nguvu. Kikakuta hapa Kiha na lugha za wavukaji ziwa, kikachukua na kuachia. Lau wazee wetu wangeukataa usemi huu kwa kuwa ni wa wageni, Ujiji isingemzaa Kandoro wa kuulinda.

Kwa hiyo sisemi kanuni zitupwe. Mwalimu asiyefundisha vina na mizani anawaibia wanafunzi mali yao. Nasema tu kwamba azifundishe kisha asikilize, na akikataa jambo, atoe ushahidi.

Alama niliyompa kijana yule nimeisahau, na alipo sasa sijui. Lakini nikitoka jioni na kuziona taa za dagaa zikiwaka ziwani, bado huanza kuzihesabu.