Ukarimu na Hesabu Siku ya Idi

Wako watu waonao haya kuhesabu. Ukimwuliza mmoja wao, zikiwa zimesalia siku kumi Ramadhani kwisha, atakuwa na wageni wangapi siku ya Idi, atakujibu kwamba riziki haihesabiwi, na kwamba mlango wake u wazi kwa kila ajaye. Jibu hili lapendeza masikioni. Tena lina asili njema, maana pwani yetu imelelewa katika imani kwamba mgeni huja na baraka yake, na mwenye kuhesabu sahani hudhaniwa kuwa anahesabu matonge. Nataka kuuliza kama dhana hiyo ni ya haki. Je, kupanga mapema hupunguza ukarimu?

Sikukuu yenyewe, tukiitazama katika sheria yake, haikuona haya kuhesabu. Zaka ya fitri hutolewa kwa idadi ya vichwa: pishi moja ya chakula cha kawaida cha mji, yaani vibaba 4, kwa kila mtu aliye katika ulezi wa mwenye nyumba, hata mtoto anyonyaye. Kwa mizani ya leo ni kilo 2 na nusu hadi 3 hivi za mchele. Yatakiwa itolewe kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye apate kupika siku hiyo. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani hii, haimlazimu ila yule aliyebakiwa na kitu baada ya kutenga chakula chake na cha wale awalishao kwa usiku na mchana wa Idi. Basi mtu hawezi kujua kama ana wajibu wa kutoa mpaka ajue kwanza chungu chake chahitaji nini. Hapa hesabu haipingani na ukarimu, yautangulia.

Husemwa kwamba kutoa ni moyo, wala si utajiri. Ni kweli, walakini msemo huo hautaji mikono. Mwenye nyumba arudipo msikitini na watu wanane aliokutana nao njiani, moyo uliowakaribisha ni wake. Mikono itakayowalisha si yake. Jikoni wako wanawake walioamka kabla ya alfajiri, wakachagua mchele, wakatwanga vitunguu saumu, wakakaanga vitunguu maji vya pilau, huku watoto wakidai nguo zao zipigwe pasi. Wageni wakizidi, wao ndio warudio motoni. Aghalabu mpishi hula alasiri, naye hula ukoko. Sifa zapokelewa barazani, na anayezigharimia hata hakuulizwa. Mimi naona hili ni jambo la haki kabla halijawa jambo la adabu ya karamu: uchovu ambao haukupangwa hautoweki, bali humwangukia mtu asiyeweza kukataa.

Ndivyo ilivyo kwa fundi cherehani pia. Mji mzima wampelekea vitambaa katika kumi la mwisho, naye kwa kuogopa kupoteza wateja avipokea vyote, akakesha na mwanafunzi wake mpaka macho yakawauma. (Fundi naye ana lawama yake, lakini tusimtwike yote.) Sitaji madeni ya dukani, wala mkono wa Idi utolewao kwa fedha ya kuazima, kila msomaji ayajua ya kwao.

Wako watakaosema kwamba Idi haipangiki, kwa sababu mwezi haujulikani. Hoja hii yaonekana nzito kuliko ilivyo. Mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, basi; shaka yote ni ya usiku mmoja. Mchele hauozi kwa usiku mmoja, wala kanzu iliyopigwa pasi. Fitri wanazuoni wa Kishafii wameruhusu itolewe tangu mwanzo wa Ramadhani. Kingojacho mwezi kwa kweli ni nyama. Na kwa kuwa sikukuu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda, mtu aweza kujua mapema kama itamkuta katika masika au katika mwezi wa karo.

Hata hivyo sitetei kila mpango. Ipo nyumba ambamo karatasi ya majina imekuwa bawabu, na jirani afikaye bila kutajwa hutazamwa kama mdai. Hesabu ya namna hiyo imesahau kwamba asiyetarajiwa naye ana sehemu. Mpango mwema hutia chunguni vibaba viwili visivyo na jina la mtu.

Limebaki jambo moja gumu. Katika miji yetu wako wangojao mwezi uonekane hapa, na wako wafuatao habari ya mwezi wa Makka. Hata ndugu wa nyumba moja huweza kusali Idi siku mbili mbalimbali. Hubishana sana juu ya dalili, na mpishi wao, ambaye hakuulizwa, hupika karamu mbili. Nyumba kama hiyo, kabla ya kubishana, ingekaa iamue nani atashika mwiko. Kwa maoni yangu, kila ndugu apike siku ambayo si Idi yake. Yule ambaye bado amefunga ataijuaje chumvi, hilo watalimaliza wao kwa wao.