Manowari za Kwenye Karatasi

Machi 16, 1909, Waziri wa Wanamaji wa Uingereza, Reginald McKenna, aliliambia Bunge mjini London kwamba Ujerumani inaunda meli za kivita kwa kasi ya kutisha. Kwa hesabu za ofisi yake, ifikapo Aprili 1912 Wajerumani wangeweza kuwa na manowari 17 za aina mpya. Kiongozi wa upinzani, Arthur Balfour, alipandisha idadi hiyo hadi 21. Magazeti yakazidaka namba hizo, na haukupita muda watu wakawa wanadai kwa kelele manowari nane ziundwe mara moja, bila kungoja.

Hofu ile ilikuwa na chanzo chake. Mwaka 1906 Waingereza walishusha majini HMS Dreadnought, meli yenye mizinga mikubwa kumi ya inchi 12 na mwendo uliozipita manowari zote kubwa za wakati huo. Kila manowari iliyoundwa kabla yake ikawa ya kizamani, zikiwemo za Waingereza wenyewe, ambao walikuwa nazo nyingi kuliko taifa lolote. Hesabu ya nguvu za baharini ikaanza upya karibu na sifuri, na katika hesabu ndogo kama hiyo meli nne zikizidi au zikipungua ni jambo zito.

Sasa tuzihesabu za Wajerumani kwa majina, tukichukua zile tu zilizokwisha kuingia kazini ilipofika Aprili 1912. Nassau, Westfalen, Rheinland na Posen: nne. Helgoland, Ostfriesland na Thüringen: saba. Ongeza mbili zilizoundwa kwa ajili ya mbio, Von der Tann na Moltke: tisa. Hakuna ya kumi. Nyingine ama zilikuwa bado mikononi mwa mafundi, ama hazikuwahi kuwako isipokuwa kwenye karatasi za London.

Linaloumiza zaidi ni kwamba hesabu sahihi ilikuwa imekwisha kutolewa. Admirali Alfred von Tirpitz, aliyesimamia ujenzi wa meli za Ujerumani, alieleza kwamba nchi yake itakuwa na manowari 13 za aina hiyo katika miezi ya mwisho ya 1912, si zaidi. London hawakumwamini. Oldenburg ikaingia kazini Mei mwaka huo, Goeben ikafuata Julai, Kaiser Agosti, Friedrich der Grosse Oktoba. Tisa na nne ni kumi na tatu. Mtu ambaye kila Mwingereza alimwona adui ndiye aliyekuwa na namba ya kweli.

Haitakuwa haki kusema London walitunga uongo. Dalili walizoziona zilikuwako. Tirpitz alikuwa ametoa mikataba ya meli mbili kabla bajeti ya mwaka wake haijapitishwa, na maelezo yake yalikuwa kwamba hakutaka wenye viwanda wakae pamoja wapandishe bei. Kiwanda cha Krupp kule Essen kilikuwa kimepanuliwa. Kosa lilitokea pale wakubwa walipouchukua uwezo wa kiwanda wakaugeuza mizinga, kisha mizinga wakaigeuza meli, na meli hizo wakazipa tarehe. Mwenye majembe kumi hajawa na mashamba kumi.

Tena ilifaa kuuliza habari za Krupp zilipitia mikononi mwa nani. Mmoja wa waliokuwa wakiipelekea serikali taarifa hizo tangu 1906 ni H. H. Mulliner, mkurugenzi wa Coventry Ordnance Works, kampuni iliyotengeneza mizinga na iliyokuwa na hamu ya kupata kazi za jeshi la wanamaji. Taarifa zake hazikuwa tupu. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na msemaji mwenye mali ya kuuza anahitaji shahidi wa pili asiye na duka.

Manowari nane ziliagizwa. Mwaka huohuo Uingereza ilikuwa imeanza kuwalipa wazee pensheni, na waziri wa fedha, David Lloyd George, ikambidi atafute kodi za kubeba mizigo yote miwili katika bajeti moja; mabwana wa Baraza la Juu wakaikataa, na nchi ikaingia katika mgogoro wa kikatiba. Wapo wanaoitetea hofu ile kwa kusema vita ilikuja kweli mwaka 1914 na meli zile zikapata kazi. Siikubali hoja hiyo. Hofu ile iliwafundisha raia wa nchi mbili kutazamana kama maadui miaka mitano kabla risasi ya kwanza haijalia, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilitokana na meli ambazo hazikuwako. Vita iliyokuja baadaye haiifanyi hesabu mbovu kuwa nzuri.

Lakini msomaji asitoke hapa akidhani namba ya serikali husika ndiyo ya kuaminiwa siku zote. Katika miaka ya 1930 Ujerumani ilitangaza kwamba manowari yake Bismarck ina uzito wa tani 35,000, kiwango kilichowekwa na mikataba ya wakati ule. Uzito wake halisi, kwa kipimo kilekile, ulizidi tani 41,000. Meli kubwa ni vigumu kuificha isihesabiwe. Kilichomo ndani yake, uzito wake na unene wa chuma chake, hufichika kirahisi.

Leo mazungumzo ni ya Uchina na Marekani. Mwaka 2020 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema Uchina ina meli za kivita na nyambizi zipatazo 350, na Marekani 293. Vichwa vya habari vikaishia hapo: Uchina ndiyo yenye jeshi kubwa zaidi la majini duniani. Kwa kuhesabu vyombo, ni kweli. Kwa kupima uzito, Marekani iko mbele kwa mbali, kwa sababu kila moja ya manowari zake 11 kubwa za kubeba ndege ina uzito wa tani zinazokaribia 100,000, huku Uchina ikiwa na meli nyingi ndogo za kulinda maji yaliyo karibu na pwani yake. Wanaosema hivi na wanaosema vile wote wanaweza kuapa kwamba hawajadanganya.

Ripoti za mwaka hadi mwaka nazo zina mtego wake. Ile ya 2021 ilitaja meli 355 za Uchina, ya 2022 ikataja 340 hivi. Aliyesoma namba mbili hizo bila maelezo angedhani meli 15 zimezama au zimeuzwa vyuma chakavu. Kumbe Uchina ilikuwa imeziondoa korveti 22 katika jeshi la wanamaji na kuzikabidhi kwa walinzi wake wa pwani. Meli zikabaki Uchina ileile, zikielea baharini, ila zilihamia daftari jingine. Kwa Wamarekani wenyewe, mwaka 2014 jeshi lao la majini lilibadilisha kanuni ya kuhesabu, boti za doria na meli za hospitali zikaingizwa, na jumla ikapanda bila fundi yeyote kushika nyundo. Bunge lao likaikataa kanuni hiyo.

Ndiyo maana orodha zinazopanga majeshi ya majini kuanzia la kwanza hadi la mwisho kwa idadi ya vyombo peke yake zinanitia wasiwasi, hasa zikisambazwa kwenye simu bila tarehe na bila kusema kilichohesabiwa. Boti ya tani 200 inapewa alama moja, meli ya kubeba ndege inapewa alama moja. Mtu akitumiwa orodha ya namna hiyo ana haki ya kuuliza boti za doria zimo au hazimo, walinzi wa pwani wamo au hawamo, na meli ambazo bado zinaundwa zimehesabiwa za mwaka gani.

Na majibu yapo kwa anayeyatafuta. Kitabu alichokianzisha Fred T. Jane mwaka 1898 bado kinatoka, kikitaja meli kwa majina. The Military Balance hutolewa London kila mwaka na taasisi ya IISS. Marekani ina daftari la wazi la meli zake, na watafiti wa Bunge lao huandika ripoti kuhusu jeshi la majini la Uchina ambazo yeyote anaweza kuzisoma bure. Kwa upande wa Uchina, wachunguzi huanzia kwenye namba iliyopakwa ubavuni mwa meli na picha za setilaiti za viwanda vya Shanghai na Dalian, ambako meli ya urefu wa mita 180 huonekana tangu ikiwa vipande. Wakishaipata meli, huandika imeshushwa lini, imeingia kazini lini, imepelekwa kikosi gani. Ni kazi ya kuchosha, meli moja baada ya nyingine, na ndiyo ambayo London mwaka 1909 hawakuwa na subira nayo.