Sukari Iliyofichwa

Soma Mwanzo 27:1–17, 2 Samweli 19:31–39, Waefeso 4:25.

Katika nyumba nyingi za waumini kuna kopo la sukari lililofichwa. Mama mwenye umri wa miaka 75 ana kisukari. Anaomba chai yake itiwe sukari kama alivyozoea tangu ujana. Binti yake, ambaye anampenda kwa moyo wote na ameyasikia maonyo ya daktari, anamjibu, "Sukari imekwisha, Mama." Kopo liko juu ya kabati. Je, binti huyu ameivunja sheria ya Mungu, au ameitimiza amri ya tano?

Wengi watajibu upesi kwamba hakuna ubaya. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguuni. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20), na mwili wa mzee haukomi kuwa hekalu kwa sababu umechakaa. Hoja hii ina uzito. Lakini inathibitisha tu kwamba mama anapaswa kupunguza sukari. Haithibitishi kwamba adanganywe.

Biblia ina habari za nyumba iliyomdanganya mzee kwa chakula. Isaka alikuwa kipofu, naye alipenda chakula kitamu. Rebeka alikuwa na ahadi ya kweli kutoka kwa Bwana kwamba mkubwa atamtumikia mdogo (Mwanzo 25:23). Kusudi lake halikuwa baya; njia yake ndiyo iliyokuwa mbaya. Aliutumia upofu wa mumewe na hamu yake ya chakula ili kufanikisha jambo jema. Matokeo yake, Esau alipanga kumwua ndugu yake. Yakobo alikimbia kwa siku chache, kama mama yake alivyodhani, akakaa ugenini miaka 20. Hakuna andiko linalosema kwamba Rebeka alimwona tena. Mungu alitimiza ahadi yake, lakini nyumba ilivunjika.

Vivyo hivyo, uongo wa jikoni una gharama. Mzee anapogundua kwamba anadanganywa, huacha kuuliza, akaanza naye kuficha: biskuti chini ya mto, soda kwa jirani. Mwingine hukataa chakula kabisa. Hatari hii si ndogo. Katika uzee misuli hupungua, na hisia ya kiu hufifia hata mtu akakaukiwa maji bila kujua. Mahitaji ya nguvu hupungua, lakini mahitaji ya protini, vitamini na madini hayapungui. Mzee aliyenyimwa hiki na kile bila kupewa badala yake aweza kudhoofika kwa utapiamlo huku familia ikifurahi kwamba anafuata kanuni za afya. Tena, kwa mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, kuruka mlo kwaweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Saa hiyo, akiwa bado anaweza kumeza, anahitaji kupewa sukari mara moja. Kopo lililofichwa ndilo lenye msaada, na mama ameambiwa halipo.

Mfano ulio bora ni wa Barzilai. Alikuwa na miaka 80, naye ndiye aliyemlisha Daudi na watu wake kule Mahanaimu kwa ngano, kunde, dengu na asali (2 Samweli 17:27–29). Daudi alitaka kumlipa kwa kumlisha Yerusalemu. Mzee alikataa, akieleza waziwazi kwamba hawezi tena kuonja ladha ya anachokula na kunywa. Jambo la kutazamwa ni jibu la mfalme. Hakumlazimisha, wala hakumzunguka kwa hila. Alikubali kutenda lile ambalo Barzilai mwenyewe aliliona jema. Daudi alimheshimu mzee kwa kumsikiliza.

Maneno ya Barzilai yanafundisha pia jikoni. Uwezo wa kuonja na kunusa hupungua kwa umri. Basi mzee anayeongeza sukari au chumvi si lazima awe mlafi. Huenda anaitafuta ladha iliyompotea. Binti aweza kumwambia mama ukweli, kisha wakapatana: vijiko vitatu viwe viwili, halafu kimoja, na chai iongezwe tangawizi au mdalasini. Maharage yapikwe hadi yalainike kwa ajili ya meno yaliyosalia. Kutoweka kopo mezani si uongo. Kusema kwamba sukari imekwisha ni uongo. Ellen G. White, katika kitabu *Huduma ya Uponyaji* cha mwaka 1905, alitenga sura nzima kuonya juu ya kupita kiasi katika mambo ya chakula. Matengenezo ya afya hayakutolewa ili yawe fimbo.

Vipi basi kuhusu mzee ambaye akili yake imefifia, asiyekumbuka hata kwamba ni mgonjwa? Yesu alimwambia Petro kwamba uzeeni mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka (Yohana 21:18). Kuna wakati mtoto hana budi kuamua kwa niaba ya mzazi. Lakini anayeamua kwa niaba ya mwingine anabeba amana nzito zaidi, kwa kuwa hakuna wa kumkosoa ila Mungu. Hata hapo, aulize: mama angechagua nini siku zile alipoweza kuchagua?

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kumwondolea mzee kishawishi na kumdanganya?

2. Katika chakula cha pamoja cha Sabato, ni nani huwauliza wazee wa kanisa lenu wanachoweza kutafuna na kula?