Cha bure nacho ni amana

Iko hoja inayosikika sana mitaani: mtu akitoa kitu bure, hana la kuulizwa. Anayetaka achukue, asiyetaka aache. Hoja hii ina nguvu, lakini je, ni ya haki?

Tuwatazame mafundi wa programu za kompyuta. Wanayo maghala ya pamoja kwenye intaneti, kama CPAN lililoanza mwaka 1995. Fundi huandika programu yake, huipa namba ya toleo, huiandikia maelezo na masharti ya matumizi, huijaribu, kisha huifunga na kuipeleka ghalani. Wengine huichukua bila malipo na kujenga juu yake. Wengi wao hawajaonana hata siku moja. Kinachowaunganisha ni kuaminiana tu.

Sasa tazama kisa cha XZ, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Akaja msaidizi aliyejiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alileta kazi nzuri, na katika kipindi hicho akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mapema mwaka 2024 akatoa matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Maandishi yaliyowekwa wazi watu wayasome, na kifurushi kilichofungwa ili kipakuliwe, havikulingana. Ndani ya kifurushi kulikuwa na nyongeza iliyofungua mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Machi 2024, Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akachunguza, akaufichua. Kikulacho ki nguoni mwako!

Hivi, mtu huyu anaweza kujitetea kuwa alitoa bure? Anayeweka mchele mzuri juu ya gunia na chenga chini, akiligawa gunia hilo kwa yatima badala ya kuliuza, amekuwa mwaminifu? Hasha. Bure huondoa bei, haiondoi ukweli. Ni kweli kwamba leseni nyingi za programu hizi husema hakuna dhamana. Lakini tamko hilo humkinga fundi na kasoro asiyoijua. Halimhalalishii hila aliyoipanga mwenyewe.

Hata hivyo, tusimwangalie mtoaji peke yake. Mpokeaji naye ana dhima. Makampuni yenye fedha yalijenga juu ya kazi ya mtu mmoja aliyechoka. Badala ya msaada, alikuwa akiandikiwa barua za lawama kwamba anachelewa. Shinikizo hilo ndilo lililomfungulia njia mhaini. Anayekula matunda ya mti kila siku bila hata kuumwagilia, siku ukikauka amlaumu nani?

Vijana wetu wengi leo wanajifunza kuandika programu. Tuwafundishe ufundi, lakini tusiache kuwafundisha kwamba kabla ya kufunga mdomo wa gunia, mtu ajiulize: kilichomo ndani ndicho nilichowaonyesha watu? Na anayepokea ajiulize: aliyenibebea mzigo huu, nimewahi kumpokea hata hatua moja?