Nani Mlinzi wa Msitu?

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Alisema, "Mwalimu, ikiwa msitu ni uhai wa mamilioni, je, si haki kuwatoa watu wachache wakaao ndani yake?" Swali hili, msomaji, si la kudharauliwa. Kwa juu juu hesabu yake yaonekana nyofu: wengi waokolewe, wachache wasumbuke. Natulipime pamoja, na mfano wetu uwe Msitu wa Mau na wenyeji wake Waogiek.

Mau ni mama wa mito. Mto Mara watoka huko, na Sondu, na Ewaso Ng'iro ya kusini, na Njoro uingiao Ziwa Nakuru. Zaidi ya hayo, miti yake huishika hewa ya ukaa, ambayo ikizidi angani huongeza joto la dunia. Basi kwamba msitu huu ni lazima uhifadhiwe, hapana ubishi. Ubishi uko katika nani auhifadhi, na kwa gharama ya nani.

Waogiek wamekaa humo tangu zamani zisizoandikwa. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha nchi, kilichopanda kutoka chini hadi kwenye baridi ya juu, kwa sababu maua hayachanui pote kwa wakati mmoja, na mtafuta asali hana budi kulifuata ua. Mzinga wao ni gogo lililotobolewa ndani, likatundikwa mtini. Fikiri basi: mtu ambaye chakula chake, kinywaji chake na sherehe zake zatoka katika ua la mti, atapata faida gani kwa kuuangusha?

Walakini shoka liliingia. Serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa Tume ya Ardhi iliyoteuliwa mwaka 1932, iliwaona Waogiek kuwa watu wa kuhamishiwa kwa makabila mengine. Baada ya uhuru misumeno ya mbao haikunyamaza, na mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki katika hifadhi. Kisha, Oktoba 2009, wenyeji walipewa siku 30 waondoke, ati ili msitu upone! Shauri lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 majaji waliamua kwamba haki za Waogiek zimevunjwa, na kwamba haikuthibitishwa kuwa wao ndio walioharibu msitu.

Huenda ukanipinga: Waogiek wa leo si wale wa kale, kwani wengi wao hulima na kufuga. Ni kweli, nami sipendi kuwapamba watu kama malaika. Nyuki hawatoshi kulipa karo, na mtoto wa Ogiek ataka kalamu kama wewe. Lakini hapa ndipo penye fundo la jambo. Tukisema kwamba wana haki ya ardhi kwa sababu tu wanalinda miti, tumeigeuza haki kuwa mshahara, na siku moja mtu atasema kazi haikufanywa vizuri, akaukata. Wewe nyumba ya baba yako huikai kwa sababu waifagia. Waikai kwa sababu ni yenu, na kwa kuwa ni yenu, mwaifagia. Ulinzi huzaliwa na umiliki. Aliyefukuzwa hana cha kulinda, na anayengoja kufukuzwa hapandi mti utakaokomaa baada ya miaka arobaini.

Hii haina maana kwamba mwenye haki hana wajibu. Waogiek wenyewe waweza kuulizwa mashamba yaishie wapi na ng'ombe walishwe wapi. Ila waulizwe kama wenye nyumba, si kama wezi.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi ya mababu zao irudishwe kwa hati ya pamoja. Novemba 2023, huko Sasimwani katika Narok, nyumba zao zilibomolewa tena. Nitakapokutana na mwanafunzi wangu nitamwomba aifanye upya hesabu yake, na safari hii aanze na wale waliokuwa na misumeno.