Maoni Yanayohusu Sabufa

Kama ladha ya muziki ni ya mtu binafsi, ubishi wa wapenda muziki wa mji wa Katoro hauna maana. Lakini wanabishana. Weka Saida Karoli, ile albamu ya 2001 yenye Maria Salome, na mmoja atasema huyu mama anatuliza. Mwingine atasema anachosha, weka kitu kilichochangamka. Hakuna anayemwambia mwenzake "sawa, wewe na lako" yakaisha. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliona hili mwaka 1790: anayekiita kitu kizuri hasemi tu kwamba kinampendeza, anakudai na wewe ukione hivyo, na hana ushahidi wa kukuwekea mezani.

Nani basi awe mwamuzi? Katoro ni mji wa wageni. Dhahabu na biashara vimewakutanisha Wasukuma, Wazinza, Waha na Wahaya, na Saida anaimba Kihaya. Mhaya atawaambia wenzake wanasikia nusu. Ana hoja: kuhusu kinachosemwa, yeye ndiye wa kuulizwa. Ila upole wa ile sauti, inavyokaa juu ya ngoma bila kugombana nayo, Msukuma anaupata bila mkalimani. Tena mwanafalsafa mwingine, David Hume, mwaka 1757, alimtaka mwamuzi awe na mazoezi, ajue kulinganisha, na asiwe na upendeleo. Kwa sharti hilo la mwisho, Mhaya aliyelelewa na nyimbo hizi anaweza kuwa wa kwanza kuondolewa. (Sharti kali mno, kwa maoni yangu. Kupenda cha kwenu si uziwi.)

Nadhani tunamtafuta mwamuzi kabla ya kuuliza kama wimbo umesikika. Ingia kibanda cha vinywaji chenye sabufa. Besi imezungushwa hadi mwisho, ngoma zinatikisa chupa mezani, sauti ya mwimbaji imemezwa, na karasha la jirani linaponda mawe. Mteja anasema muziki huu hauna kitu. Kwa alichokisikia hajakosea, ila maoni yake yanahusu sabufa, si wimbo.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema maoni ya muziki hayawezi kuwa na kosa. Yanaweza, kwa sababu mtu huweza kukihukumu kitu ambacho hakijamfikia. Wimbo wa kuchangamsha hupenya kelele. Ulio mpole hungoja upishwe. Cowboy Junkies wa Kanada walilijua hilo: mwaka 1987 walirekodi The Trinity Session, albamu ya kantri iliyopoa, ndani ya kanisa mjini Toronto kwa kipaza sauti kimoja, Margo Timmins akiimba kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mwangwi wa kanisa lile ni sehemu ya muziki. Ukiufunika kwa kelele, umeondoa kitu kilichokusudiwa.

Wapo pia vijana walioujua wimbo wa Saida kupitia Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny, ya 2016. Wakiwekewa ule wa zamani wanasema umepoa mno, na wakubwa wanawacheka. Mimi siwacheki. Masikio yao yanasubiri mdundo ambao Saida hakuwaahidi, na kusubiri huko hakuondoki kwa amri. Ila kura yao siihesabu bado. Wausikilize mara kadhaa, besi ikiwa imeshushwa. Atakayesema bado unachosha, huyo ndiye nitakayemvutia kiti tubishane.