Kwao ni Wapi?

Katika filamu ya The Incredible Journey ya mwaka 1963, mbwa wawili na paka mmoja wavuka misitu ya Kanada kurudi kwao, ilhali walipoanza safari mabwana zao walikuwa Uingereza. Kwa mnyama, pahali na mtu ni kitu kimoja.

Kwa binadamu viwili hivyo hutengeka. Tangu Juni 2022 malori yaliwafikisha wafugaji wa Ngorongoro na mifugo yao Msomera, wilayani Handeni, jirani ya Korogwe. Nyumba zilijengwa, serikali ilisema ni hiari, wengine walipinga. Mizani ya haki hapa si uzuri wa nyumba. Nyumba mtu hupewa. Makao huyaridhia mwenyewe. Mwenye hiari ya kweli ni yule ambaye njia ya kurudi haikufungwa nyuma yake.